Tupeane uzoefu: mliohamia pembezoni mwa mji, mnaishije?

Nianze mimi. Kiwanja nilikipata kwa bei ya kutupa, nikajisifu kweli. Mwaka wa sita huu natoka nyumbani giza, narudi giza, na mtoto wa mwisho ananijua vizuri Jumapili. Nilichookoa kwenye kiwanja nimeshakimalizia kwenye nauli. Tunalinganisha bei ya ardhi tu, saa za njiani hatuziandiki popote. Haya, wengine?

Fundi Bomba: Mjini kipande kifupi cha bomba kinagusa nyumba nyingi. Huko nje bomba linapita vichaka, nyumba moja, vichaka tena. Gharama kwa kila kaya inapanda, presha inaishia njiani. Halafu watu wanajenga kwanza, barabara inatafutiwa upenyo baadaye. Nimeshachimba mtaro nikakutana na shimo la choo la mtu mahali ambapo ramani inasema ni barabara.

Mama Pacha: Mbona hakuna aliyetaja ukuta? Tulipohamia kulikuwa na kinjia cha kwenda shule, dakika kumi umefika. Akaja mwekezaji, akazungushia ukuta eneo zima, majumba ndani, geti moja tu upande wa barabara kuu. Kinjia kikafa. Watoto sasa wanazunguka karibu saa nzima. Juu ya ukuta wamepanga vipande vya chupa, kijani na kahawia. Jua la asubuhi likivipiga, wanangu wanavihesabu wakitembea. Na kibarua changu kiko humohumo ndani! Kila siku naandika jina kwenye daftari la mlinzi, na nikitoka mkoba unafunguliwa. Bosi wangu naye analalamikia foleni kama mimi. Foleni ni moja, ila yeye ana kiyoyozi.

Mchora Ramani: Mama Pacha, huo ukuta una babu zake. Afrika Kusini walipitisha sheria ya kugawa makazi kwa rangi mwaka 1950. Sophiatown, mtaa wa Johannesburg, ilianza kubomolewa 1955, watu wakapakiwa kwenye malori hadi Meadowlands, Soweto. Sheria ilifutwa 1991, lakini nyumba hazikuhama. Marekani, miaka ya 1930, ramani za mikopo zilipaka nyekundu mitaa ya watu weusi, benki zikaikwepa. Siku hizi rangi haitajwi: weka sharti kwamba kiwanja kisipungue ukubwa fulani, asiye na kitu atajiondoa mwenyewe. Sharti la namna hiyo nimewahi kuliandika kwa mkono wangu, nikaliona ni la kitaalamu tu. Sikumuuliza mtu yeyote atapita wapi.

Mwanzisha mada: Mama Pacha, hamkuomba hata mlango mdogo wa waenda kwa miguu?

Mama Pacha: Mara mbili. Jibu: usalama. Ila mwezi uliopita upande wa nyuma pametokea tundu, mtoto anapita akiinama. Mlinzi hajaliona. Naye anakaa huku kwetu, wanawe wanasoma na wangu.