Mrejesho: tangi la matumbawe la maji ya chumvi

Ndugu zangu, niliuliza kama tangi jipya la matumbawe laweza kupokea samaki mara tu maji ya chumvi yakiwa tayari, nanyi mkanishauri nisubiri bakteria wazaliane kwenye mawe. Nimesubiri: amonia, sumu itokanayo na uchafu, ilipanda, bakteria hao wakaigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu, kisha nitrati, isiyo na madhara makubwa, na sasa vipimo vya hizo mbili za kwanza ni sifuri. Chumvi naidumisha kwenye gramu 35 kwa kila kilo ya maji, na kila jioni naongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, kwa sababu mvuke huondoka na maji matupu. Ushauri wenu wa kusubiri nauthamini kuliko mengine yote. Nimeanza na matumbawe laini. Yale magumu, yajengayo mifupa kwa kalisi na kuhitaji mwanga mkali, yatafuata baadaye.