Mkono wa kulia kwenye luti: gumba ndani au nje?

nyuzi_saba:
Wakuu habari zenu. Mimi ni mtu wa gitaa la klasiki, sasa nimepata luti (ala ya zamani ya Ulaya, nyuzi zake zimepangwa mbilimbili) ya jozi 7 na mkono wa kulia unanishinda kabisa. Nikipiga kama nilivyozoea, yani kifundo juu na vidole vinaingia wima, uzi mmoja tu wa jozi ndo unalia, mwenzake kimya au unakwaruza. Halafu kwenye video wengine gumba linapita chini ya vidole, wengine limetoka nje kama gitaa. Nishike ipi? Na kucha je, maana gitaa siliachi.

MzeeRisha:
Karibu mkuu. Mi nimetokea kwenye udi, ntakueleza kwa upande huo. Luti ni mtoto wa udi, hata jina limetoka kwenye al-ud, na Ulaya nao walikua wanaipiga kwa risha (kile kipande cha kuchapia nyuzi), mwishoni mwa karne ya 15 ndo wakaanza kuiweka pembeni watumie vidole ili wapige sauti kadhaa kwa pamoja. Ila mkono haukubadilika sana! Unalala karibu sambamba na nyuzi, gumba linashuka, shahada inapanda, na mwendo unatoka kwenye kiwiko, sio kwenye viungo vya vidole. Ukishawahi kushika risha utaona ni kilekile, shuka panda shuka panda. Gumba linabeba pigo zito, shahada pigo jepesi, so mistari ya kasi inapata mdundo wake yenyewe. Vitabu vya luti vilivyochapwa Venice 1507 vinaelekeza hivyohivyo, noti yenye nukta chini yake unapiga kwa kupanda, isiyo na nukta unashuka.

Hilo la uzi mmoja ni pembe tu. Laza kidole, nyama iguse nyuzi zote mbili, zisukume kidogo kuelekea kwenye ubao kabla hujaachia. Na usitumie nguvu ya gitaa, nyuzi za luti zimekazwa kidogo tu, ukizivuta kwa fujo zinagongana.

bi_besi:
Mzee naheshimu ila usimfanye aone gumba ndani ndo sheria. Kuelekea 1600 luti zilianza kuongezwa besi, jozi 8, 9, 10, gumba likawa na safari ndefu na wengi wakalitoa nje, mkono ukasogea karibu na daraja. Luti ya baroko (ya karne ya 17 na 18) yenye jozi 11 au 13 ukiipiga gumba ndani utateseka bure. Kwa jozi 7 zote mbili zinafaa, inategemea unapiga muziki wa lini. Ila yeye katoka kwenye gitaa, aanze na gumba ndani, kwa sababu akianza na nje mkono utarudi kwenye gitaa bila yeye kujua.

Kucha: hata wa zamani walibishana. Mpiga luti wa Italia, Piccinini, mwaka 1623 alitetea kucha, Mwingereza Thomas Mace 1676 akasema nyama ndo inatoa sauti tamu. Mi nasimama na Mace, kucha inanasa uzi mmoja na kuuacha wa pili, hilo ndo tatizo lako lilelile.

nyuzi_saba:
Aisee nimelaza mkono sasa hivi, jozi zinalia pamoja, ila kidole cha mwisho kinaelea hewani sijui nikiweke wapi. Na kucha zote nikate??

bi_besi:
Kiweke kwenye ubao, kati ya tundu na daraja, picha za zamani zimejaa mikono ya hivyo. Kiguse tu, ukikiegemea kiwiko kinakakamaa na kasi inakufa. Kucha punguza ya shahada na ya kati mpaka zisionekane ukitazama kwa upande wa kiganja, gumba pia. Ya kidole cha pete unaweza kuiacha kwanza, muziki wa jozi 7 haukihitaji sana.

MzeeRisha:
Gitaa nalo litalia laini zaidi, utalizoea. Tárrega mwenyewe, yule gwiji wa gitaa wa Hispania, mwishoni alipiga bila kucha.