Nani aje na chenji, muuzaji au mnunuzi?

Mwana Uyole
Wakuu habari za jioni. Nimeshuka Kabwe hapa Mbeya na msimbazi mmoja tu mfukoni, ile elfu kumi, bajaji buku, jamaa ananiambia "chenji sina bosi wangu, katafute". Nikatafute wapi sasa? Naingia dukani naambiwa nunua kitu kwanza, nikanunua maji na kiu sina. Swali langu, hizi buku (elfu moja) na jero (mia tano) zimeenda wapi, na kwa nini anayeuza ndo anipe mimi kazi ya kuzunguka? Kwangu ingekuwa sheria kabisa, umefungua biashara uwe na chenji, huna funga. Mnaonaje?

Mama Fungu
Nifunge?? Wewe kaka unakuja sokoni saa moja asubuhi na elfu kumi inayonukia ATM unataka fungu la nyanya la jero halafu mimi ndo nifunge? Mtaji wangu wa asubuhi wote haufiki hiyo hela yako. Ikikaribia mwisho wa mwezi nyie wenye mishahara mnamwagika Mwanjelwa na hizo nyekundu, kila mtu anataka kukatia kwangu, akishapata chenji anaenda kununua vitu vya maana kwingine. Nyanya zangu zimekuwa kaunta ya benki.

Mwana Uyole
Mama samahani sikukulenga wewe, nimelenga wenye maduka makubwa na bajaji.

Mama Fungu
Umesema biashara. Na mimi nafanya biashara.

Konda Mstaafu
Hapa ngoja niseme mimi niliyelala na sarafu. Wakati nauli ni jero hakukuwa na kelele, mtu anakupa jero mnaachana. Desemba 2023 LATRA, wale wanaopanga nauli, wakapandisha, zile kilomita kumi za mwanzo ikawa 600. Hiyo mia moja ya juu ndo imetuua. Abiria anatoa buku unatakiwa umrudishie mia nne, gari zima wametoa buku buku, hiyo mia nne ya kila mtu inatoka wapi? Asubuhi konda anatoka nyumbani bila sarafu ni sawa na kwenda shamba bila jembe. Dar kuna vijana kazi yao ni kuuza chenji vituoni, unawapa elfu kumi wanakupa elfu tisa za sarafu, na unashukuru.

Kamwene
Haya yote serikali iliyataka yenyewe, 2014 ilipofuta noti ya jero. Ile noti ilikuwa inakaa kwenye pochi vizuri, sarafu inadondoka kwenye kochi, watoto wanaichezea, imeisha hiyo.

Karani Mzee
Si kweli bwana Kamwene. 2014 haikufutwa noti, ilitoka sarafu, ile yenye Karume upande mmoja na nyati upande wa pili, vikawa vinatumika vyote viwili. Benki Kuu walisema noti ya jero inapita mikono mingi, hairudi benki, inachakaa upesi, sarafu inadumu miaka. Noti yenyewe imekuja kuondolewa 2025, watu wakapewa kuanzia tarehe 6 Januari mpaka 5 Aprili wakabadilishe, pamoja na noti za zamani zilizotoka 1985 mpaka 2003. Tawi la Benki Kuu liko hapahapa Mbeya, hakuna aliyezuiwa.

Kamwene
Sawa mhasibu mkuu. Mimi nimesema noti ya jero haipo, wewe umekuja na tarehe tatu kuniambia noti ya jero haipo.

Mlima Parachichi
Mjini mnalia lakini njooni Rungwe msimu wa parachichi muone. Wanunuzi wanakuja na maburungutu ya msimbazi, kijiji kizima kinalipwa nyekundu siku moja, jioni kila mtu anataka chumvi na kiberiti. Mwenye duka hana hata buku mbili. Anakuandika kwenye daftari, ila safari hii kakopa yeye, wewe ndo unamdai. Na Mbarali kwenye mpunga ni hivyohivyo, na kule kwenye viazi. Hela kubwa inapanda mlimani, ndogo hazipandi. Halafu buku ikishafika kijijini hairudi mjini, inazunguka hukohuko mpaka sura ya Nyerere haisomeki, ishaungwa gundi katikati.

Sauti ya Mafiati
Mnazunguka bure. Chenji zote ziko makanisani. Mbeya hii kila kona kanisa, Jumamosi jioni watu wanavunja hela kutafuta mia mbili mbili za sadaka, Jumatatu ukija sokoni hakuna kitu. Wachungaji ndo matajiri wa sarafu mkoa huu.

Mama Upendo Kwaya
Kijana koma. Mimi nahesabu sadaka, ibada ikiisha wenzangu wanaenda kula sisi tumeinama kwenye meza tunapanga mia mia mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Jumatatu zinaenda benki zote na risiti ipo. Na ukiona kikapu kimejaa sarafu jiulize nani kazitia, mchungaji hajaomba mia mbili, ni wewe umekuja na gari umetoa mia mbili umekunja ngumi ili jirani asione!

Sauti ya Mafiati
Mama mimi gari sina.

Mama Upendo Kwaya
Basi umetoa mia mbili kwa miguu.

Kamwene
😂😂😂 Mafiati umekwisha. Sisi Iringa bwana kapu halilii, tunatoa noti.

Sauti ya Mafiati
Iringa mna noti gani nyie watani, mtu akipewa chenji zaidi na konda anashuka kituo kisicho chake. Rudi Ipogolo ukapigwe na upepo. Mama shikamoo kwanza, sijatukana kanisa, nimesema sarafu ziko huko basi. Kama zinaenda benki Jumatatu, nenda Jumanne kaombe za elfu hamsini uone wanavyokuangalia.

Mama Upendo Kwaya
Marahaba. Hapo kwa benki sikupingi. Kuna moja hapa mjini tukifika na mfuko wanatuambia tusubiri pembeni, wenye noti wapite kwanza. Tunakaa pembeni na hela ya Bwana kama tumeleta mzigo wa mkaa.

Juma wa Sido
Na msikitini je, mbona mnasema kanisa tu? Ijumaa ndoo inapita, natoa jero yangu kwa amani, hakuna anayenitazama ngumi.

Sauti ya Mafiati
Ndo umetuthibitishia jero zingine ziko wapi.

Mwana Uyole
Jamani mada. Niliuliza muuzaji au mnunuzi.

Digitali Iwambi
Mada iliisha siku nyingi, lipa kwa simu. Mimi sishiki noti, lipa namba kila mahali. Mnabishana habari za sarafu wakati simu mnazo.

Mama Fungu
Fungu la jero kwa simu? Wewe ukinitumia, mimi kuitoa nakatwa, tajiri wa shambani anataka hela mkononi saa kumi na moja alfajiri. Na mmesahau tozo za miamala ya simu za 2021? Ilipoingia ile Julai wateja wenyewe walikimbia simu wakarudi kwenye noti, hata walipopunguza wengine hawakurudi. Ukija kwangu na lipa namba nunua debe, fungu njoo na jero.

Digitali Iwambi
Ukiwa na lipa namba si lazima utoe, na wewe unamlipa tajiri kwa hiyohiyo.

Mama Fungu
Mwambie yeye. Namba yake sina, anakuja na fuso.

Boda Tunduma
Huku kwetu mpakani chenji ikikosekana unarudishiwa kwacha ya Zambia, unaenda nayo hivyohivyo, duka la pili wanaipokea. Wazambia wajanja, 2013 walikata sifuri tatu, ngwee zikarudi na sarafu ikawa na maana tena. Na sisi tukate, msimbazi iwe shilingi kumi, tuone kama mtu atafukia kwenye kibubu.

Karani Mzee
Kijana kuwa mwangalifu, kanuni za Machi 2025 zinakataza kutoza malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Na ukikata sifuri bado utataka senti za kurudisha. Shida inabaki ileile kwa majina mapya.

Boda Tunduma
Mzee mimi sijatoza, nimerudishiwa 😄

Konda Mstaafu
Huyo wa vibubu kagusa penyewe. Wake zetu wana vibubu vya jero tupu, lengo la mwaka, havifunguliwi mpaka Desemba. Tunagombana na serikali, jero ziko chini ya kitanda.

Mama Upendo Kwaya
Wake zenu wanaweka, nyie mnaweka nini? Kila kitu wanawake, kila kitu kanisa.

Dogo Iyunga
Mi niseme ukweli ambao wazee hawataki kusema. Mhazini wa kwetu anapigiwa simu na wenye maduka tangu Jumamosi, "niwekee za laki". Ibada ikiisha tu wako nje na noti zao wanabadilishana. Hata benki haziendi nyingi. Kwa hiyo mtu mdogo hapati, wanapata wanaojuana. Ndo maana duka moja lina chenji na la jirani yake halina.

Sauti ya Mafiati
NILISEMA MIMI.

Mama Upendo Kwaya
Ulisema zinafichwa. Huyu anasema zinarudi mtaani. Soma vizuri.

Konda Mstaafu
Dogo huyo mhazini anakata ngapi kwa elfu kumi?

Dogo Iyunga
Hakati kitu. Ila uje na noti nzima, zile za gundi anakurudishia.

Mama Fungu
Mwanangu, kanisa gani?

Dogo Iyunga
Mama wewe si Roma?

Mama Fungu
Nimeuliza kanisa gani.