MJADALA: Datsun ziko wapi kwenye Safari Classic?

Wapenzi wa mbio za magari, naleta hoja na najua itawachoma baadhi yenu. East African Safari Classic, mbio za magari ya kizamani, iliyoanza 2003 kuenzi Safari Rally ya zamani, imegeuka shamba la Porsche 911. Björn Waldegård alishinda nayo 2011, Stig Blomqvist 2015. Sina ugomvi na Porsche, ila enzi zake haikuwahi kushinda Safari yenyewe, hata mara moja. Waliokuwa wakishinda ni Datsun: 1970, 1971, 1973, kisha miaka minne mfululizo kuanzia 1979. Mwaka 1974 alishinda Joginder Singh na Mitsubishi Lancer yake, na aliyemfuata alikuwa Waldegård huyo huyo ndani ya Porsche!

Ukiuliza Datsun zimekwenda wapi, utaambiwa bodi zake zimeoza na spea hakuna. Sawa, lakini kikubwa kilichobadilika ni mashindano yenyewe. Safari Rally ya zamani, ile ya Pasaka, ilikuwa maelfu ya kilomita kwenye barabara za wazi, usiku na mchana, kituo hadi kituo, na ukichelewa unapigwa pointi za adhabu. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza na adhabu sawasawa. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Mchezo wa namna hiyo unampendelea anayefika. Siku hizi barabara inafungwa vipande vipande, saa inahesabu sekunde, jioni dereva analala hotelini huku mafundi wakifumua gari. Hapo mwenye injini kubwa na lori la spea anakula mapema.

Pendekezo langu: Porsche zibaki, ila virudi vipande virefu vya usiku, na muda wa matengenezo ukatwe. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza:
Mzee, barabara ya leo ina bodaboda, ng'ombe na watoto wa shule. Nani atatia saini kibali hicho? Halafu usiifanye Porsche mgeni. Ilishika nafasi ya pili 1972, 1974 na 1978. Ina haki yake hapa.

Mwanzisha mada:
Nilisema usiku, sikusema barabara ibaki wazi. Ifungwe, lakini ifungwe usiku. Hiyo ya nafasi ya pili nakupa.

Mchangiaji wa pili:
Fundi hapa. Injini ya Datsun 240Z haina neno, ile silinda sita ukiitunza inakwenda. Shida ni bati. Ukiingia korongo kwa kasi, bodi inapasuka pale shokomzoba inaposhikia. Unachomelea usiku, kesho inapasuka pembeni ya kiraka. Na bei, jamani! Ile iliyoshinda 1971 na Edgar Herrmann iko kwenye hifadhi ya Nissan huko Japani, na nyingine wakusanyaji wamezifungia gereji. Mtu aliyetoa mamilioni kununua 240Z, unadhani ataitupa kwenye mawe ya Kajiado? Hilo halitibiwi na sheria ya usiku wala ya mchana.

Mwanzisha mada:
Fundi, hapo umenibana. Basi tuiache 240Z, tuanze na Datsun 160J, gari la watu wa kawaida na ndilo Mehta alilochukulia ushindi wa 1979 na 1980. Mwenye bodi nzima uani aseme hapa, na aseme anaiuza kiasi gani.