Naomba ushauri: nomino mbili zikifuatana katika Kiingereza

Wakuu, naomba msaada kwa wanaokijua Kiingereza vizuri. Nimeshaelewa kwamba nomino mbili zikifuatana, ya mwisho ndiyo kuu na ya kwanza inaifafanua, kinyume na Kiswahili chetu. "Coffee cup" ni kikombe cha kahawa, hata kikiwa kitupu. "Cup of coffee" ni kahawa yenyewe iliyomo kikombeni. Hapo sina shida.

Kinachonisumbua ni umoja na wingi. Kwa kawaida nomino ya kwanza hubaki katika umoja, ndiyo maana duka lenye viatu chungu nzima huitwa "shoe shop", na mpango wa miaka mitano ni "five-year plan". Mbona basi wanasema "sports car", "sales manager" na "clothes shop"? "Clothes" naikubali, maana haina umoja wake. Hizo nyingine mnazitambuaje? Kuna dalili yoyote, au ni kukariri tu?

Halafu "olive oil" hukamuliwa kutoka kwenye zeituni, lakini "baby oil" ni ya kupaka watoto. Uhusiano wenyewe hautajwi popote! Ukikutana na jozi ngeni kabisa, unaanzia wapi kuielewa? Nawafundisha wadogo zangu, nisingependa kuwapotosha.