Niliachishwa jeshi la Marekani kwa kipimo cha bangi, cheti kinabadilishika au ndo imetoka?

Mnyaki_Boksi

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Niko Tukuyu kwa mama huu mwezi, mvua kama mnavyoijua haikatiki, nimekaa na hili jambo miaka na sijawahi kulitoa popote, mnivumilie litakuwa refu.

Nilipata ile bahati nasibu ya viza nikaenda Marekani 2016. Nikabeba boksi mwaka na nusu, Februari 2018 nikaingia jeshini, Army, dereva wa malori. 2019 nikaapishwa uraia humohumo kupitia jeshi, mama akachinja kuku huku kwetu na picha yangu ya magwanda ikapanda ukutani, ipo mpaka leo naiona hapa nikiandika.

Mwezi wa nne 2020 mzee akafariki. Corona imefunga kila kitu, ndege hakuna, na jeshi lilishatoa amri hakuna kusafiri. Nimemzika baba yangu kwa WhatsApp. Simu kashika binamu, mtandao unakatakata, naona jeneza linaanza kushuka halafu picha ikaganda, na ikagandia palepale, iliporudi watu wanaweka maua. Toka siku hiyo usingizi ukanihama. Saa nane usiku niko macho, saa tisa niko macho, asubuhi naendesha lori la tani kumi na kitu.

Desemba jamaa wa bwenini akanipa zile pipi za bangi akasema utalala kama mtoto. Na kweli nikalala. Januari 2021 tukaamshwa saa kumi alfajiri kupima mkojo wa kushtukiza, nikakutwa. Wakaniambia nina haki ya kusikilizwa na bodi nikiwa na wakili wa jeshi wa bure, mimi nikasaini kuikataa, nilikuwa nimechoka na aibu imenijaa nataka tu yaishe. Juni 2021 nikatoka na OTH, yaani masharti yasiyo ya heshima. Miaka mitatu na miezi minne ya kazi yote ikaishia kwenye hayo maneno.

Saizi naendesha malori makubwa Texas. Shule ya bure ya wanajeshi nimekosa, matibabu ya VA (idara ya wanajeshi waliotoka) sijathubutu hata kuuliza. Huku nyumbani wanajua nilimaliza mkataba.

Sasa jamaa mmoja kaniambia OTH inajibadilisha yenyewe baada ya miezi 6, mbona ya kwangu haijajibadilisha? Mwingine anataka dola 1,500 eti anajua mtu ndani "ataisukuma". Naombeni mwenye ujuzi, kosa la madawa linasafishika kweli?

Kamwene_Ipogolo

Kamwene. Pole sana na mzee, hiyo ya kuganda simu imenigusa kaka.

Za huko sizijui ila hiyo ya mtu wa ndani wa kusukuma hata huku Ipogolo tunaijua vizuri, mimi nilishasukumiwa kiwanja mpaka leo kinasukumwa. USITOE HELA.

DadaMakambako

Mdogo wangu pole. Mimi niko huku mwaka wa kumi na tano sasa, mume wangu alitumikia na alipita njia hiyohiyo, maombi yake nilikuwa nayaandika mimi mezani jikoni, kwahiyo nakwambia ninachokijua.

Ya miezi 6 ni uongo wa zamani sana, unazunguka kambini tangu enzi na enzi. Hakuna cheti kinachojibadilisha chenyewe, usipoomba kitakaa hivyo mpaka unazikwa. Na kuomba ni bure, hakuna ada ya senti moja.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni bodi ya mapitio, DRB, fomu yake inaitwa DD 293, unao muda wa miaka 15 tangu utoke, wewe una mpaka Juni 2036. Hii inaangalia mambo mawili, kama utaratibu ulifuatwa, na kama ulichopewa ni cha haki ukitazama mtu mzima na siyo kosa peke yake. Unaweza kuomba wapitie makaratasi tu, wakikukatalia unaomba tena usikilizwe mwenyewe, siku hizi hata kwa video. Na kitu watu hawajui, hii bodi haiwezi kukushusha zaidi ya ulipo, kwahiyo hofu ya kuchokoza nyuki iweke pembeni. Mlango wa pili ni bodi ya kurekebisha kumbukumbu, fomu DD 149, hiyo ina miaka 3 tangu ugundue kosa ila wanaweza kukusamehe muda. Wa kwenda huko ni yule aliyekwama kwa DRB au aliyehukumiwa na mahakama kubwa ya kijeshi. Wewe hukuhukumiwa, umeondolewa kiutawala tu, anza na mlango wa kwanza.

Sasa niulize. Hiyo DD 214 yako, karatasi ya kuachishwa jeshi, ni nakala fupi au ndefu? Fupi haioneshi sababu. Ndefu huku chini ina kisanduku namba 24 cha aina ya cheti na namba 28 cha sababu kwa maneno. Kama hauna ndefu unaiomba St. Louis, Missouri kwenye hifadhi ya kumbukumbu za askari, na uombe faili lote, siyo hiyo karatasi moja, na la matibabu ya jeshi pia uliulizie linapohifadhiwa. Usijaze fomu kabla faili halijafika, mume wangu alikimbilia kujaza akaandika tarehe tofauti na zilizomo kwenye faili, akaonekana mwongo kwa kitu ambacho wala hakudanganya.

MzeeWaMafinga

Marahaba vijana. Mimi nitakuwa mkali kidogo. Nimevaa kombati miaka mingi kabla sijastaafu nikarudi kwenye mbao zangu hapa Mafinga. Bangi ni bangi. Uliapa, ukala, ukapimwa, ukapewa nafasi ya kujitetea ukaikataa kwa mkono wako mwenyewe. Dereva wa lori tena, nyuma umebeba watoto wa watu. Leo bodi ikusafishe kwa lipi? Kufiwa tumefiwa wote.

Tunduma_Nonstop

Mzee shikamoo lakini dogo si alikula usiku bwenini hajala akiwa kwenye usukani. Na huko si wanauza dukani kabisa kama sigara?

DadaMakambako

Mzee wangu shikamoo. Hasira yako naielewa na ndivyo baadhi ya wajumbe wa bodi watakavyomtazama, kwahiyo afadhali aisikie kwako kwanza.

Tunduma, dukani kwenye baadhi ya majimbo ndiyo, jeshini hapana, jeshi linafuata sheria ya serikali kuu na huko bangi ni marufuku iwe ya moshi iwe ya pipi. Akienda na hoja ya "mbona wanauza" ataumia. Ila ipo namna ya kulisema. Mwaka 2014 waziri wa ulinzi Hagel aliagiza bodi zifikirie kwa upana kesi za wenye majeraha ya akili ya vita, na Agosti 2017 ukatoka waraka wanaouita wa Kurta ukapanua, siyo vita tu, hata kugongwa kichwa, kudhalilishwa kingono, na ugonjwa wowote wa akili uliompata mtu akiwa kazini. Huo waraka umeitaja bangi yenyewe, kwamba bado ni kosa jeshini lakini kwa kuwa imehalalishwa kwenye baadhi ya majimbo, bodi inaweza kuiona nyepesi kuliko ilivyoonekana miongo iliyopita, kama pana ushahidi mwingine wa kuipunguza uzito. Hiyo "kama" ndo kesi yenyewe.

Waraka unauliza maswali manne. Ulikuwa na tatizo? Lilikuwepo ukiwa jeshini? Linaelezea au kupunguza hilo kosa? Na linazidi uzito wa cheti ulichopewa? Mdogo wangu kwenye post yako umeandika mistari mingi kuhusu aibu na kidogo sana kuhusu usingizi. Geuza. Bodi inaletewa samahani kila siku, inachokosa ni tarehe. Maelezo yako ya kiapo peke yake yanaruhusiwa kuwa ushahidi, lakini karatasi ya daktari ni karatasi ya daktari. KUNA MTU YEYOTE JESHINI ULIMWAMBIA HAULALI, KABLA YA KIPIMO?

Na kama ulijipeleka mwenyewe kutibiwa matumizi ya dawa kabla hawajakupima, sema, hiyo ni hadithi nyingine kabisa maana ushahidi wa namna hiyo wakiuingiza wao kwenye faili la kukuondoa wanatakiwa wakutoe na cheti cha heshima kamili.

Mnyaki_Boksi

Dada asante, nimesoma mara tatu. Mzee shikamoo, sijakasirika, hayo maneno nimejiambia mwenyewe kila siku.

Kujipeleka kwa ajili ya dawa hapana, zile pipi nilikula mara nne tano hivi basi. Ila kuna siku nilienda zahanati ya kambini nikasema silali, nikapewa vidonge na kuambiwa nirudi, sikurudi maana sajenti wetu alianza kuniita bibi harusi. Ni kama mwezi wa kumi 2020, sikumbuki vizuri. DD 214 yangu iko huku, nilituma mabegi yangu yote kwa mama nilipotoka, liko sanduku chini ya kitanda sijalifungua.

Kamwene_Ipogolo

Miaka yote hiyo hujafungua sanduku??

DadaMakambako

Kamwene mwache, mume wangu lake alilitupa.

Mengine mawili halafu nikapike. La kwanza uraia, na hili sikutishi ila usilale nalo. Uraia ulioupata kupitia jeshi, ukitoka kwa masharti yasiyo ya heshima kabla hujatimiza miaka 5 ya utumishi wa heshima, sheria inaruhusu ufutwe. Haufutiki wenyewe, ni mpaka serikali iende mahakamani, lakini mlango uko wazi na wewe una miaka mitatu na kitu. Kwahiyo hapa unapigania shule na zaidi ya shule. Umwone wakili wa uhamiaji kabla ya kuomba chochote kingine cha uhamiaji.

La pili, omba heshima kamili, usiombe ile ya katikati wanayoita jenerali kwa unyenyekevu. Jenerali itakufungulia matibabu ila GI Bill, ile shule ya bure ya wanajeshi, inataka heshima kamili peke yake. Na omba na kisanduku 28 kibadilishwe, kama maneno ya dawa za kulevya yakibaki pale kila mwajiri atayasoma. Wakikupa nusu utapokea, lakini nusu usiiombe wewe.

Matibabu VA usisubiri bodi, wao wana uchunguzi wao wa cheti, unaenda unaomba wakukague, kanuni zililegezwa kidogo 2024. Wanasheria wa bure wapo, vyuo vikuu vingi vya sheria vina ofisi za kusaidia askari, na kuna The Veterans Consortium wanapanga mawakili wa kujitolea kwa kesi hizihizi.

Tunduma_Nonstop

Mimi dereva mwenzako ngoja nichangie ninachokijua. Wabongo wa malori ya huko wananiambia mnapimwa mkojo kwa kushtukiza kila kampuni, sheria ya nchi. Kwahiyo tangu 2021 si umepimwa mara kibao na uko safi? Hayo majibu kayaombe kampuni uyaambatanishe. Mkojo ulikutoa, mkojo ukurudishe 😂

DadaMakambako

Tunduma umenipita hapo aisee, hiyo ni dhahabu. Bodi inataka kuona umeishije baada ya kutoka, na vipimo safi vya miaka vinasema kuliko barua kumi. Ila na barua zitafutwe, za watu wanaokujua kabla na baada, za kueleza walichokiona na siyo "ni kijana mwema".

MzeeWaMafinga

Nimesoma yote. Hilo la kwenda zahanati ukachekwa, sikulijua wakati naandika, na nimewahi kuwa huyo sajenti.

Barua anza na mchungaji wenu hapo Tukuyu, aliyemzika baba yako. Aandike tarehe ya mazishi na kwamba hukuwepo, na kwa nini. Lakini kijana, mchungaji hawezi kuandika barua kuhusu jambo asilolijua, na mchungaji akijua kabla ya mama yako umeharibu. Unaona inapoelekea.

Mnyaki_Boksi

Naona mzee. Hapo ndo pagumu kuliko bodi.

Mnyaki_Boksi

Wakuu nimerudi. Umeme ulikatika nikafungua sanduku kwa tochi ya simu. Linanuka dawa ya nondo na lile vumbi jekundu la Texas, buti bado lina udongo. DD 214 ipo na ni ndefu, kisanduku 28 kinasema nilichokuwa najua kitasema. Chini kabisa kwenye bahasha ya vidonge kuna karatasi ya zahanati imekunjwa mara nne, maandishi ya daktari kwa kalamu, hawezi kulala tangu kifo cha baba, uzito umepungua kilo sita, arudi baada ya wiki mbili. Tarehe ni 14 Oktoba 2020.

DadaMakambako

Miezi mitatu kabla ya kipimo. Piga picha SASA HIVI pande zote mbili na bahasha yenyewe, ujitumie kwenye barua pepe, original usiikunje tena.

Mnyaki_Boksi

Nimepiga. Mama kasikia sanduku linaburuzwa kaja mlangoni na taa kaniuliza natafuta nini usiku huu. Nimemwambia mama ingia, kaa hapa kitandani. Nitarudi baadaye wakuu.