Nasimamia maonyesho ya picha za vijana, na mimi pia ni jaji. Nianzie wapi?

Mlezi wa Klabu
Wakuu, habari za saa hizi. Nalea klabu ya picha yenye vijana 23, mdogo ana miaka 9 na mkubwa 17. Zimebaki wiki tatu tufanye maonyesho yetu ya kwanza. Wengi wanapiga kwa simu, wawili wana kamera za kubadilisha lenzi. Nimekwama penye mambo mawili. Tusafishe picha za ukubwa gani? Na nitatoaje alama? Hili la pili linaninyima usingizi. Kuna binti wa miaka 10 ameniletea picha moja tu: kivuli cha baiskeli ukutani, baiskeli yenyewe haimo. Mwenzangu wa jopo anasema haina mada, tuiache. Roho yangu inakataa, ila sina hoja ya kumjibu.

Babu Lenzi
Umefanya vema kuuliza mapema, mwanangu. Nimekaa meza ya majaji miaka 11, na kosa langu kubwa lilitokana na hilo swali lako la kwanza.

Kijana mmoja alileta picha ya mdogo wake akiruka dimbwi. Imesimama vizuri, maji yametulia, uso uko wazi kabisa, lakini vidole vya miguu vimekatwa. Nikaandika: "Angalia kingo za picha yako." Nikampunguzia alama. Baadaye akanifuata, akasema taratibu, "Kwenye simu miguu ipo." Akanionyesha. Ilikuwepo, na chini yake kivuli cha miguu hiyo ndani ya maji. Aliyekata ni mashine ya kusafishia picha.

Sababu ni hii. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, na karatasi ya sentimita 20 kwa 30 ni 3 kwa 2. Picha ya kulala, yaani iliyo pana kuliko kimo chake, ikijazwa kwenye karatasi hiyo, inapoteza sehemu moja ya tisa ya kimo chake, juu na chini kwa jumla. Mwambie fundi aiingize picha nzima, hata ukibaki ukanda mweupe pembeni. Ukanda utaukata kwa rula na wembe. Au kaa na mtoto, achague mwenyewe kipi kitoke.

Ukubwa huo wa 20 kwa 30 unatosha. Ili itoke safi inahitaji pikseli, yaani vidoti vinavyounda picha, zipatazo 2400 kwa 3600, na simu ya megapikseli 12 inatoa 3000 kwa 4000. Tatizo ni njia ya kutuma. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa, na ukiikuza inakuwa ya vigaevigae. Watume kama dokumenti.

Na safisheni moja ya majaribio kabla ya zote. Kioo cha simu kina mwanga wake, karatasi haina, kwa hiyo picha iliyopendeza kwenye simu mara nyingi hutoka ya giza.

Dada Fokasi
Shikamoo Babu. Naongeza la ukutani. Chagueni karatasi isiyong'aa, maana inayong'aa chini ya taa inamfanya mtazamaji ajione yeye badala ya picha. Bandikeni kwenye kadibodi ngumu kwa selotepu ya pande mbili. Gundi ya maji inakunja karatasi, nimeharibu tatu za watoto wa watu kwa njia hiyo na bado naziona usiku. Kitovu cha kila picha kiwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, na kwa hawa wa miaka 9 mshushe kidogo, nao waje wazione zao bila kubebwa.

Jina la mpigaji liandikwe nyuma mpaka alama zitoke.

Mwamuzi wa Pili
Kwenye alama, msiwapange wa kwanza hadi wa 23. Vilabu vya vijana vya Marekani viitwavyo 4-H hutumia sana mfumo unaoitwa wa Kidenmaki: kila kazi inapimwa kwa kigezo, si kwa kazi ya jirani. Iliyofikia kigezo vizuri inapata utepe wa bluu, inayofuata mwekundu, kisha mweupe. Bluu zinaweza kuwa kumi au mbili. Na kigezo cha miaka 9 kisiwe cha miaka 17.

Babu Lenzi
Hapo umenena. Nami sasa siandiki alama kabla ya kumuuliza mtoto maswali mawili: ulisimama wapi, na ulikuwa unangoja nini? Kamera ghali haijibu hayo. Mlezi, huyo binti wa kivuli muulize.

Mlezi wa Klabu
Marahaba ya Dada Fokasi ni yako Babu, nami nakuamkia, shikamoo. Nimemuuliza leo mchana. Kumbe alipiga saba, ukuta uleule, kuanzia saa tisa alasiri mpaka jua likazama. Aliyoniletea ni ya tano, anasema hapo ndipo spoku zilipojitenga moja moja, ya sita zilikuwa zimeshaanza kufifia. Mwenzangu wa jopo alikuwepo, akaomba aione tena. Nimemwambia binti atume zote saba, kama dokumenti.